UZI: Picha kubwa hushika masikioni. Senema ya uwanjani Lamu, kuanzia spika hadi pazia

Mshika_Pazia (Mkomani)

Asalaam aleikum wanabaraza.

Uzi huu ni wa wote wanaotaka kuonyesha picha kubwa, yaani filamu za senema, uwanjani hapa Lamu, iwe ndani ya ua wa Ngome, iwe Mkunguni mbele yake, iwe kiwanja cha shule. Likizuka neno la senema, swali la kwanza huwa "projekta ni ya lumeni ngapi?" (yaani inatoa mwanga kiasi gani) na la pili "pazia lina upana gani?" Mimi naona maswali hayo yameanzia mkiani.

Chukua simu ya kawaida, ilaze, upana wa skrini ni kama sentimita 15. Ishike sentimita 30 kutoka usoni. Hapo inajaza jicho kwa pembe ya digrii 28 hivi. Kipimo cha SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu, kwa jumba la senema ni digrii 30 kwa mtu wa safu ya nyuma, na cha THX, wanaopima ubora wa majumba hayo, ni 36. Yaani kwa hesabu ya jicho tu, simu imeshalifikia jumba la senema, imebakisha kidogo sana. Basi mbona picha lililotoka 1975 linaigizwa mpaka leo na wajukuu wa waliolitazama, na lile lililotazamwa simuni juzi hakuna anayekumbuka hata jina la adui?

Simu haina besi, haina giza, na haina watu mia wanaoshtuka kwa pumzi moja. Hivyo ndivyo vitu vya kutengeneza. Pesa na jasho vianze kwa sauti, vifuate giza, picha ije mwisho. Anayeona vingine aseme, nami nitajibu kwa hesabu.

Mwalimu_wa_Zamani (Malindi)

Waaleikum salaam. Nakuunga mkono, na historia iko upande wako.

Tazama Jaws ya Steven Spielberg, iliyotoka Juni 1975, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa picha za msimu zinazotolewa kwenye mamia ya majumba kwa siku moja. Papa wake alikuwa mashine ya kuendeshwa kwa mabomba ya hewa. Ilipoingizwa kwenye maji ya chumvi ikawa inaharibika kila siku, jambo ambalo mvuvi yeyote wa hapa angewaambia mapema. Papa akawa haonekani, na watengenezaji wakalazimika kumweka sautini: noti mbili za chini za John Williams, zinazorudiwa na kukaza mwendo. Zaidi ya saa nzima inapita kabla papa hajaonekana vizuri, na watu wameshaogopa bahari. Athari yake haikuwa ya mchezo. Peter Benchley, aliyeandika kitabu kilichozaa picha hiyo, alitumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa, kwa sababu hofu iliyobaki vichwani mwa watu iliwageuza kuwa wanyama wa kuwindwa.

Mwaka huohuo, tarehe 15 Agosti, ilitoka Sholay kule Uhindi. Ukumbi wa Minerva mjini Bombay uliionyesha zaidi ya miaka mitano mfululizo. Kampuni ya Polydor ilitoa sahani ya santuri ya *maneno* ya picha hiyo: watu walinunua mazungumzo, wakayasikiliza nyumbani, wakayahifadhi. Ndiyo maana sauti ya Amjad Khan akiwa jambazi Gabbar Singh inaigizwa na watu wasiojua Kihindi hata kidogo.

Na hapa kwetu pwani athari ya picha la Kihindi haikukaa kwenye nguo wala kwenye nyumba. Ilikaa kwenye taarabu. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, alijenga jina lake kwa mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya Kihindi. Watu walitoka senema na tuni, mshairi akaipa maneno, harusi ikaibeba. Njia hiyo yote ni ya sikio.

FundiWaya_Langoni

Ami Mshika_Pazia, kwa kuwa umefungua kwa sauti, niseme kosa moja linaloharibu maonyesho mengi kuliko yote. Dalili zake: muziki unasikika, milio ya magari na mvua inasikika, lakini maneno ya watu yamekuwa mbali kama yanatoka kisimani, au hayapo kabisa. Watu huparamia mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), wanaongeza treble, wanaongeza sauti, na maneno hayarudi.

Tatizo liko kwenye waya. Jeki ya hedofoni ya laptopu ina pete tatu: kushoto, kulia, na ardhi. Tundu la mikrofoni au la laini kwenye mikisa au spika yenye amplifaya ndani nalo hupokea pini tatu, lakini kwa mpango mwingine: sauti, sauti iliyogeuzwa, na ardhi. Ukiziunganisha moja kwa moja kwa waya wa "jeki kwa XLR" (XLR ni ile plagi ya duara ya pini tatu), mashine inachukua kushoto na kutoa kulia. Maneno ya mwigizaji hukaa katikati, sawasawa kushoto na kulia, kwa hiyo kitu kikitolewa kutoka kwa kitu kilekile inabaki sifuri. Kinachobaki ni vile vilivyo tofauti pande mbili, yaani mwangwi, muziki, na kelele za pembeni.

Dawa: waya wa panda. Upande mmoja jeki ndogo ya pete tatu, upande wa pili jeki mbili za mono, moja kwenye chaneli 1, nyingine chaneli 2 ya mikisa. Chaneli 1 izungushe kushoto, 2 kulia, au zote katikati kama unatumia spika moja. Ni waya wa bei ndogo kuliko vyote mezani na ndio unaookoa usiku mzima.

Kosa la pili la ukoo huohuo ni spika zisizo na amplifaya ndani, ambapo moja imefungwa nyekundu kwa nyeusi. Hapo besi hufa, na ukisimama katikati kabisa ya uwanja maneno yanakuwa kama yanazunguka kichwa. Angalia rangi za waya kwenye spika zote mbili kabla ya kulaumu kitu kingine.

Mwalimu_wa_Zamani (Malindi)

Fundi, hesabu hiyo ya kutoa kulia kwenye kushoto ndiyo iliyokuwa siri ya Dolby Stereo, mfumo wa sauti wa majumba ya senema, enzi za filamu ya utepe. Njia nne za sauti (kushoto, katikati, kulia, na ya kuzunguka watu) zilifungwa ndani ya njia mbili. Kilicho sawa pande zote kilipelekwa spika ya katikati nyuma ya pazia, na kilichogeuzwa kilipelekwa spika za kuzunguka. Star Wars ya 1977 ndiyo iliyowafanya wenye majumba wakubali gharama ya mitambo hiyo. Kwa hiyo anayetumia waya mbovu anasikiliza njia ya kuzunguka peke yake na ameitupa ya katikati.

BintiShela

Shukran Fundi. Na kama sauti inapita HDMI mpaka kwenye projekta, kisha inatoka nyuma ya projekta kwenda mikisa? Hapo waya ni wa panda tayari na bado maneno yanazama.

FundiWaya_Langoni

Dada, hapo kosa limehamia kwenye faili. Sauti ya picha kubwa huwa ya njia sita: tatu za mbele, mbili za kuzunguka, na moja ya besi. Projekta ina njia mbili tu. Programu ya kuchezesha ikiamua kutoa kushoto na kulia peke yake, ya katikati inaachwa, na ndiyo yenye maneno. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua stirio, hakikisha haipeleki sauti "kama ilivyo" kwenye HDMI. Ikichanganywa vizuri, ya katikati hugawiwa kushoto na kulia ikiwa imepunguzwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kila upande.

Lakini jua kwamba katika kuchanganya huko njia ya besi mara nyingi hutupwa. Kama una spika ya besi ya pekee, ichukue kutoka kwenye mikisa na uikate ipige chini ya hezi 100, na spika za juu zianze hapo kwenda juu. Spika za juu zikiachiwa besi yote zitakoroma kwenye mlipuko wa kwanza.

Nguvu ya kutosha ni kiasi gani? Spika nzuri ya inchi 12 hutoa desibeli 97 kwa wati 1 ukiwa mita 1. Uwanjani, kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6, kwa hiyo mtu aliye mita 16 anapata 73. Ukitaka kishindo cha desibeli 95 kimfikie huyo wa nyuma unahitaji nyongeza ya desibeli 22, yaani kama wati 160 za kweli kwa spika hiyo. Namba kubwa zilizobandikwa kwenye sanduku usizihesabu. Maneno ya kawaida yakae kwenye 70 hadi 75 katikati ya watu. Mtu akilazimika kusogea mbele ili asikie, umeshampoteza.

Mshika_Pazia (Mkomani)

Niongeze jambo la ua wenye kuta za mawe na chokaa. Ukuta mgumu wa nyuma ukiwa mita 10 nyuma ya watu, sauti inakwenda na kurudi mita 20, ambazo ni kama milisekunde 58. Ikizidi 50 hivi, sikio huisikia kama silabi ya pili, na maneno hugongana. Kuongeza sauti hakusaidii kwa sababu mwangwi nao unaongezeka. Pandisha spika mita 2.5, ziinamishe zitazame watu walioketi, zisitazame ukuta. Miili na mikeka hunyonya sauti vizuri sana. Ua ukijaribiwa mchana ukiwa mtupu utasikika vibaya kuliko usiku ukiwa umejaa, msikate tamaa mapema.

Jambo jingine, sauti hutembea mita 14 kwa muda wa picha moja, maana picha ni 24 kwa sekunde. Mtu wa mita 28 anaona mdomo umetangulia picha mbili. Mkipita hapo, wekeni spika ndogo za kati na mzicheleweshe milisekunde 2.9 kwa kila mita kutoka spika za mbele. Chini ya mita 20 msijisumbue.

Kusi_na_Matlai (Shela)

Mmesema sauti, ahsanteni. Mimi nasimamia pazia, kwa sababu pazia likianguka hakuna sauti itakayowabakisha watu.

Pazia ni tanga. Anayelifunga bila kufikiri upepo amefunga tanga bila nahodha. Chukua pazia la mita 4 kwa 2.25, eneo lake ni mita za mraba 9. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao wakati wa kusi ni wa kawaida, unalisukuma kwa nguvu ya kilo 42. Ukifika mita 10 kwa sekunde unakuwa kilo 66. Kasi imeongezeka robo tu, mzigo umeongezeka zaidi ya nusu, na ndiyo maana pazia lililosimama vizuri saa moja nzima huondoka ghafla.

Namna ya kulisimamisha: boriti mbili wima, na boriti nyembamba juu yake kama foromali, nguo ifungwe kwenye foromali kwa kamba kila sentimita 25. Ukingo wa chini uwe juu ya ardhi kwa mita 1.2, kwa sababu watu wameketi mikekani na vichwa vyao vitakula manukuu, yale maandishi ya chini ya picha. Kamba za kushikilia ziende mbele na nyuma, umbali wa mita 3 hivi. Mahali pa sakafu ya mawe huwezi kupiga vigingi, kwa hiyo tumia madumu ya lita 20 yaliyojaa maji. Wengi huweka mawili matatu wakidhani kazi ni kuzuia pazia lisipinduke. Hatari kubwa ni kuteleza: dumu kwenye sakafu laini hushikilia kama nusu ya uzito wake tu. Kwa upepo wa mita 10 unahitaji kilo 130 na ushei kila upande, basi madumu 7 mbele na 7 nyuma.

Kamba za chini za nguo zifungwe kwa uzi dhaifu makusudi. Dharuba ikija, chini kunaachia, nguo inapepea kama tanga lililolegezwa demani, na boriti zinabaki wima. Kila kona ikifungwa kwa kamba nene, dharuba inachukua nguo, boriti na kila kitu.

Na elekeza ubavu wa pazia kwenye upepo, si uso wake. Kwenye miezi ya maleleji, upepo ukiwa hauna nguvu, unaweza kujipa uhuru. Juni mpaka Agosti kaa ndani ya ua.

Nguo: bafta nyeupe mbele, kaniki nyuma yake. Bafta peke yake inapitisha mwanga, ukienda nyuma ya pazia utaiona picha nzima huko, na mwanga huo ni wako umepotea. Kaniki hairudishi mwanga ule, lakini inazuia taa za nyuma zisipenye. Nguo ya marekani usitumie, rangi yake ya maziwa inafanya nyuso zionekane zinaumwa manjano. Bora kuliko nguo zote ni ukuta tambarare uliopakwa chokaa upya: hauna mng'ao, hautikisiki, haukunjiki. Ila kwenye majengo ya zamani msipige hata msumari mmoja. Funga kwa kamba au simamisha boriti.

BintiShela

Kwenye ndia za Mkomani ukuta mweupe upo kila hatua, lakini projekta itakaa wapi? Ndia yenyewe mtu na punda wanapishana kwa taabu.

Mshika_Pazia (Mkomani)

Haiwezekani, dada. Projekta nyingi zinahitaji umbali wa mara 1.5 ya upana wa picha. Picha ya mita 4, projekta mita 6. Uchochoro unakupa picha ya upana wa mlango. Ziko projekta za kurusha karibu, lakini bei yake ni nyingine, na hata hivyo watu wataketi wapi.

Kusi_na_Matlai (Shela)

Na hamkumaliza hesabu ya mwanga. Ami, ulisema picha ije mwisho, mimi sikubali ije mwisho kiasi cha kuachwa gizani. Kuna picha ambazo bila ukubwa hazina maana. Meli ya Titanic ya 1997 ikiinuka mkia, watu wakiteleza kwenye sitaha, hilo linataka shingo ya mtazamaji iinuke.

Mshika_Pazia (Mkomani)

Hapo umesema kweli na sina ubishi. Ila pazia likubwa lenye mwanga haba ni baya kuliko dogo linalong'aa.

Majumba ya senema hutaka weupe wa kandela 48 kwa mita ya mraba. Kwa ukuta wa chokaa wa mita 4 kwa 2.25 hiyo ni kama lumeni 1,360 zinazofika ukutani kwelikweli. Kwa mita 6 kwa 3.4 zinafika 3,050. Projekta iliyoandikwa 3,000 kwenye sanduku, ikiwekwa kwenye rangi za senema na taa yake ikiwa imeshatumika, inaweza kutoa nusu. Basi hiyo ni ya mita 4, na ya mita 6 tafuta 6,000 na zaidi. Anayekwambia 3,000 inatosha mita 8 anauza projekta.

Sasa giza. Mwezi mpevu hautoi hata nusu ya laksi moja (laksi ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba), hausumbui. Kinachoua picha ni taa moja ya barabarani. Tuseme ukuta wako unapata laksi 300 sehemu nyeupe, na taa ya jirani inamwaga laksi 10. Cheusi chako kilichokolea kabisa kimekuwa kama sehemu moja ya thelathini ya cheupe, basi mandhari yote ya usiku, ambayo ndiyo yanayobeba hofu kwenye picha hizi, yanageuka kijivu kitupu. Kazi ya kwanza jioni ni kuzunguka na kuomba taa zizimwe au zifunikwe. Kisha tazama ukanda mweusi juu na chini ya picha pana: kwa pazia la mita 4 kila ukanda una sentimita 29, na projekta huurushia mwanga hafifu. Funika kwa kaniki. Jicho likipata ukingo mweusi wa kweli, picha yote inaonekana imekolea, na hujagusa projekta.

Zima pia ile mipangilio ya "kulainisha mwendo", na laptopu itoe picha 24 kwa sekunde kama projekta inakubali. Ikiachwa kwenye 60, kamera inapozunguka taratibu picha inashtukashtuka, maana picha moja inakaa mara tatu na inayofuata mara mbili.

Chumvi_na_Waya (Malindi)

Mambo ya hali ya hewa yetu, kwa kifupi, maana yanavunja vyombo.

Projekta ikitoka chumba chenye eisi kuingia hewa ya bahari, lenzi inavaa ukungu ndani. Msiifute. Iacheni nje ya mkoba nusu saa kabla ya kuwasha. Ncha za HDMI huvaa chumvi, picha inakatikakatika, na watu hubadilisha laptopu bure: chomoeni, futeni kwa kitambaa chenye spiriti, rudisheni. Chujio la feni lisafishwe kila baada ya maonyesho ya ufukweni, mchanga mwembamba ukiziba projekta hujizima kwa joto katikati ya picha.

Umeme: projekta wati 300, spika mbili na laptopu, jumla haizidi 800 kwa kawaida. Jenereta ya kVA 2 inatosha, iwekwe chini ya upepo na nyuma ya ukuta. Projekta yenye taa ya zebaki ipitie UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), hata ndogo ya VA 600. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama na taa iko motoni, na haitawaka tena mpaka ipoe. Ekstensheni ya kuzungushia kwenye gurudumu ikunjuliwe yote, ikibaki imeviringwa inachemka. Mngurumo mzito usioisha kwenye spika mara nyingi unatokana na laptopu na mikisa kuwa kwenye soketi za mbali mbali. Unganisheni kwenye ekstensheni moja, na kama bado upo, wekeni kisanduku cha kutenga laini. Kukata pini ya ardhi ni marufuku, hapo mmetengeneza mauti.

Wadudu: washeni taa nyeupe kando, mita 15 kutoka projekta, wakati watu wanaingia. Muda wa kumbikumbi baada ya mvua, ahirisheni tu.

BintiShela

Saa ya kuanza iwe saa mbili usiku, ishaa ikiwa imeshasaliwa misikiti yote, msijaribu sauti wakati wa adhana. Kabla ya hapo mjaribu alasiri. Upande wa kina mama uwe na mlango wake na uone pazia sawasawa, si pembeni kabisa. Projekta na spika zipangwe kwa kutazama pande zote mbili, maana mara nyingi kina mama wanapewa ukingo ambako spika moja tu inasikika.

Na manukuu ya Kiingereza yanawaacha wazee na watoto nje. Je, tuweke msimulizi wa kuieleza picha kwa Kiswahili inapoendelea?

FundiWaya_Langoni

Msimulizi ni mila yetu ya senema, aheshimiwe. Lufufu alifanya hivyo Tanzania, DJ Afro anafanya Kenya, na picha nyingi za ng'ambo zinakumbukwa kwa maneno yao kuliko ya waigizaji. Akisema "staringi hafi", ukumbi mzima unatulia kumsubiri staringi ainuke.

Kiufundi: mikrofoni yake iwe nyuma ya mstari wa spika, ama sivyo itapiga filimbi. Apate spika ndogo ya kusikia picha au hedofoni ya sikio moja. Kwenye mikisa yenye kifaa cha kubana sauti, unganisha picha ijishushe desibeli 8 hivi akianza kusema, na irudi taratibu kwa muda wa sekunde moja. Ikirudi haraka inasikika kama inapumua. Kikubwa zaidi, anyamaze palipo na muziki mtupu. Msimulizi anayesema juu ya zile noti mbili za papa ameiua picha.

Mwalimu_wa_Zamani (Malindi)

Kwa kuwa tumefika kwenye lugha, hapa ndipo picha kubwa zimetuachia alama ambayo hatujaijadili ipasavyo. Mwaka 1983, kwenye Return of the Jedi, rubani msaidizi Nien Nunb anazungumza Kikuyu, maneno yaliyosemwa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich. Kwa watazamaji wa ng'ambo ilikuwa "lugha ya sayari nyingine". Kwa Wakenya ilikuwa jirani anazungumza.

Kisha 1994 The Lion King. Simba, Rafiki, Pumbaa, na "hakuna matata". Maneno hayo mawili yalikuwa yameshaimbwa na Them Mushrooms, bendi ya hapa pwani, katika Jambo Bwana ya 1982, wimbo wa kuwakaribisha wageni. Disney iliyasajili Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi mwaka 2003, na 2018 watu wengi wakatia sahihi malalamiko. Mwenye lugha kwa kawaida hasemi hivyo akiwa nyumbani: husema "hamna neno" au "hakuna shida". Lakini muuza fulana wa Malindi lazima aandike "hakuna matata", kwa sababu mgeni amekuja na sauti ya picha sikioni. Picha imetufundisha sisi namna ya kuzungumza na wageni wetu kwa lugha yetu wenyewe. Hilo linaniuma, nalo ni ushahidi mwingine wa jambo la Mshika_Pazia: kilichosafiri na kurudi ni sauti.

Chumvi_na_Waya (Malindi)

Msisahau kibali. Kuonyesha picha hadharani kunahitaji leseni chini ya sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na picha iwe imepangiwa daraja na KFCB, bodi ya Kenya ya kupanga filamu madaraja: GE kwa wote, PG kwa watoto chini ya uangalizi wa wazazi, 16 au 18. Kwa uwanja wenye watoto mikekani chagueni GE. Ruhusa ya mwenye picha ni jambo jingine tofauti, nayo itafutwe mapema. Kununua diski au kulipia huduma ya nyumbani hakukupi haki ya kuonyesha uwanjani.

Kusi_na_Matlai (Shela)

Swali la mwisho kwangu: intavali ikatwe wapi? Picha la Kihindi limekatwa tayari na mtengenezaji, la Marekani la saa tatu halina.

Mshika_Pazia (Mkomani)

Litazameni kabla, mtafute kati ya dakika ya 70 na ya 90 mahali ambapo mandhari yanabadilika na jambo halijatatuliwa: mtu ameingia mlango, barua imefunguliwa. Andikeni dakika na sekunde. Shusheni sauti kwa sekunde tano, picha ibaki imeganda, kisha taa ya manjano iwashwe pembeni, isiwe nyeupe ya ghafla. Dakika 15 zinatosha kahawa na kashata. Kurudi, anzieni sekunde 20 nyuma ya mlipokatia, sikio linahitaji kushika tena.

Na mwishoni, majina yakianza kupanda, msikate. Fundi hutaka kufungasha waya, watoto wanakimbia, mtu anawasha taa zote. Acheni muziki wa mwisho uende mpaka mwisho, kwa sauti ya wastani, taa zikiwa hafifu, watu wakikunja mikeka na kutafuta ndara zao. Tuni hiyo ndiyo itakayokuwa midomoni mwao wakiingia vichochoroni. Ikiisha, projekta izimwe kwa rimoti, feni iachwe izunguke mpaka isimame yenyewe, ndipo waya uchomolewe.